Hilux au Land Cruiser pikapu: hesabu za mwenye shamba Lushoto

Mtu akishapata shamba nje ya mji, kabla hata hajajua atapanda nini, huanza kuuliza gari. Nichukue Hilux, au nijikaze niende moja kwa moja kwenye Land Cruiser pikapu? Nimelisikia swali hili kwenye vikao vya harusi, nimelisikia msibani, na jibu la kijiweni ni lilelile: ukiwa na hela chukua Land Cruiser, kama mfuko haujatuna chukua Hilux.

Jibu hilo silikubali. Linachukulia kwamba haya ni gari moja lenye madaraja mawili, la mwenye nazo na la asiye nazo, wakati ni vyombo viwili vya kazi tofauti. Hilux imetengenezwa ibebe watu kila siku na mzigo pale unapotokea. Ile Land Cruiser ya pikapu, 79 kama wauzaji wanavyoiita, imetengenezwa ibebe mzigo kila siku, watu wakakumbukwa mwishoni. Mimi naishi Dar na shamba langu la viazi na parachichi liko juu kule Lushoto. Shemeji yangu anafuga Kilindi. Tumebishana juu ya magari haya mpaka wake zetu wamechoka, na tumeishia kununua tofauti, mimi Hilux na yeye 79, kila mmoja akiwa sahihi kwa upande wake.

Tuanze na mzigo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hushangaa. Gunia la mahindi ni kilo 100, hapo nasema gunia la halali na si lumbesa. Hilux ya kabini moja huandikiwa kubeba takriban tani moja, nyingine zinapita kidogo, kwa hiyo ni magunia nane au tisa hivi ukimtoa dereva na utingo. Sasa 79 ya kabini moja inaandikiwa ngapi? Tani moja na ushei. Kwenye karatasi tofauti ni magunia mawili au matatu. Shemeji alipoona maandishi hayo alisema yamekosewa. "Shem, mimi nimeona hizi gari zinabeba ng'ombe wanne." Nami nimeziona. Lakini kinachoandikwa na kinachobebwa ni habari mbili, na tofauti ya kweli kati ya gari hizi iko kwenye kile kinachotokea ukishavuka maandishi, tena kwenye barabara ya mawe, tena kila wiki kwa miaka.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo kwa macho, chuchumaa nyuma ya kila gari utazame katikati ya gurudumu. Kwenye 79 utaona kitovu cha chuma kimechomoza nje ya rimu, kimezungukwa na nati zake. Pale ndani kuna beringi mbili zilizokaa juu ya bomba la ekseli, na uzito wote wa nyuma ya gari unabebwa na bomba hilo. Shafti inayopita ndani haibebi chochote, kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Fundi anaweza kufungua nati zile akaichomoa shafti nzima, gurudumu likiwa limesimama chini palepale. Ndivyo malori yalivyo. Kwenye Hilux kitovu kile hakipo. Shafti inazungusha gurudumu na wakati huohuo inabeba uzito, ikishikiliwa na beringi moja pembeni. Kwa mzigo ulioandikwa haina shida hata kidogo. Lakini ukizoea kupakia tani moja na nusu kwenye makorongo, beringi hiyo ndiyo itakayokupigia kelele ya kwanza, na baada yake sili, na baada ya sili mafuta ya difu, yale ya gia zilizo katikati ya ekseli, yatamwagikia breki.

Mbele nako ni hivyohivyo. Hilux kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, ndiyo maana usukani wake ni mwepesi na ukikanyaga shimo la kushoto mkono wa kulia hausikii sana. 79 ina ekseli nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ni chuma kisicho na mengi ya kuharibika, ila kwenye lami ukifika kilomita 100 kwa saa unakuwa na kazi ya kulirudisha gari kwenye mstari wake. Usafiri wa kutoka Dar mpaka Mombo ni lami mwanzo mwisho. Kwenye lami hiyo, pamoja na foleni ya Kibaha, mtu wa 79 anashuka kiuno kikiwa kimekakamaa.

Halafu kuna habari ya gari tupu. Springi za nyuma zilizopangwa kubeba tani moja hazijui kwamba leo umebeba mkoba na chupa ya chai. Hazibonyei. Kwenye barabara ya vumbi yenye vile vituta vidogo vilivyobanana, nyuma ya pikapu nzito inarukaruka, tairi zinakaa hewani muda mrefu kuliko zinavyogusa chini, na ukiingia kona hapo gari linakwenda linakotaka lenyewe. Madereva wa zamani hutupia viroba vya mchanga bodini wakiwa hawana mzigo. Wanafanya hivyo kwa Hilux pia, ila kwa 79 ni kama chumvi kwenye mboga. Basi fikiria mwenzangu mwenye nyumba Tegeta na ofisi Posta: anabeba mchanga kwenda kazini ili gari lake la mizigo litulie.

Kuhusu injini, watu wana ushabiki kama wa Simba na Yanga. Land Cruiser nyingi za pikapu zilizoko kwetu zina injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, haina taabo (turbo, ile feni ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini), pampu yake ya dizeli ni chuma kitupu bila kompyuta. Ilianza 1990 na bado inaheshimika. Nguvu zake ni farasi 130 hivi. Hilux ya 2.8 iliyoanza 2015 ina cc 2,755 tu, lakini kwa sababu ya taabo nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni-mita 450, na toleo la 2020 likafikia 500. Ile 1HZ kubwa haifiki 300. Ukitaka kuamini, panda kutoka Mombo kwenda Lushoto ukiwa umepakia. Unatoka chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari unafika karibu mita 1,400, kwa kona zinazofuatana bila kupumzika. Hilux ya 2.8 inapanda huku mnaongea. 1HZ inapanda pia, haitakuangusha, ila utaongea na gia ya pili.

Mbona basi injini hiyo ya zamani inapendwa? Ni dizeli. Injini za kisasa zinasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba sana, na maji kidogo au uchafu ukipita kwenye chujio, nozeli zinakwisha. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa kidogo tangu 2015, na vituo vya barabara kuu mimi sina ugomvi navyo. Dizeli ya kwenye madumu, inayouzwa kwa kipimo cha jagi kandokando ya duka la chumvi na sabuni, hiyo ndiyo 1HZ inaimeza bila kukohoa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unahitaji injini ya aina hiyo, jiulize unanunua wapi mafuta. Mimi najaza Segera au Korogwe nikienda, na tangi la lita 80 linanifikisha na kunirudisha. Shemeji tangi lake ni la lita 130, na kuna miezi linajazwa kwa madumu.

Tena mjadala wenyewe unakaribia kuzeeka, maana tangu mwishoni mwa 2023 Toyota imeanza kuifunga injini ileile ya 2.8 kwenye baadhi ya 79 mpya, tena na gia otomatiki. Mtu wa 79 mpya ya namna hiyo halipii injini tena. Analipia ekseli, chesisi na springi.

Na kunywa? Kwa hesabu za madereva wengi 1HZ inakwenda kilomita saba au nane kwa lita, Hilux ya dizeli kumi na zaidi kidogo. Safari ya Dar na Lushoto, kwenda na kurudi, ni kilomita 700 hivi. Tofauti inafika lita ishirini na kitu kwa safari moja. Si pesa ya kumfilisi mtu mwenye uwezo wa kununua Land Cruiser, ila ni pesa ya mbolea.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye matangazo ya kuuza ni kugeuza. 79 ya kabini moja inahitaji duara la mita 14.4 ili igeuke, Hilux inatosheka na mita 12 na nusu hivi. Mita mbili hizo hazina maana Dodoma. Huko juu, ukipita Lushoto mjini kuelekea Mlalo na Mtae, zina maana kubwa. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kulia ukuta wa udongo mwekundu, kushoto hakuna kitu mpaka bondeni, na mbele yako Fuso imejaa kabichi inashuka. Mmoja lazima arudi nyuma. Mvua za masika udongo ule unateleza hadi pikipiki zinasukumwa. Hapo nataka gari fupi, jepesi kugeuza, lenye 4x4 na tairi zenye meno, na sioni chuma cha ziada kingenisaidia nini. Uzito wa ziada kwenye utelezi wa mteremko ni mzigo wenyewe.

Naomba niseme jambo moja la heshima, kwa kuwa tunajidanganya halipo. Land Cruiser yenye mkonga pembeni, lile bomba la kuvutia hewa ya injini, ni gari la mkuu wa wilaya, la hospitali ya misheni, la mgodi, la shirika, la polisi. Ukifika nalo getini, mlinzi anafungua kwanza, anauliza baadaye. Ukija na Hilux anakuuliza unamletea nani vifaa. Nimewahi kumpeleka shemeji mahali kwa gari langu, naye akanipeleka hapohapo kwa lake, na tofauti ya salamu ilikuwa wazi kabisa. Sina ubaya na anayeinunulia heshima hiyo, pesa ni yake. Ninachoomba ni asituambie kwamba ameinunulia magunia.

Lakini kuna ile siku moja ya mavuno, atasema mtu, viazi vimetoka vyote kwa pamoja, utafanyaje na kigari chako? Hapa ndipo naona tunakosea hesabu wengi. Sisi tunaishi nchi ambayo kila mji mdogo una kijiwe cha Canter, na nyuma ya Canter kuna Fuso, na chini yake kuna kirikuu na guta la pikipiki. Nguvu ya kubeba ni bidhaa inayokodishwa kila kona, na dereva wake anakuja na utingo wanaojua kupanga matenga ya nyanya bila kuyaponda. Siku ya mavuno napiga simu. Canter inabeba kwa safari moja kile ambacho 79 ingefanya safari tatu, na ikiharibika njiani si mimi ninayelala Segera nikitafuta spea. Gari la kwangu ni la kupeleka mbegu, dawa, bomba la maji, mafundi wawili na godoro. Kabichi ndiyo kabisa: bodi la pikapu linajaa kabla springi hazijasikia uzito, kwa hiyo ukubwa wa ekseli hauna faida.

Nina binamu Texas, na tulipokuwa tunabishana alisema kule wanalo swali hilohilo, ila limeandikwa ubavuni mwa gari kwa namba: F-150 au F-250, pikapu mbili za Ford, ya pili ikiwa ndiyo ya kazi nzito. Hilux kule haiuzwi. Marekani imeweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu za kutoka nje tangu 1964, na soko lake limetawaliwa na pikapu kubwa za kwao. Tofauti kati ya F-150 na F-250 ni ileile ninayoisema, mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Kinachonifurahisha ni karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi paundi kadha. Kwa pamoja. Baba, mama, watoto na ule uzito ambao tela linaukandamiza kwenye ndoano ya nyuma, vyote vinahesabiwa. Na kuna kichekesho: pikapu nzito za huko, zile ambazo uzito wake wa juu kabisa unapita paundi 8,500, yaani kilo 3,850 hivi, hazilazimiki kubandika dukani ile karatasi inayoonyesha unywaji wa mafuta. Anayenunua gari linalokunywa zaidi ndiye asiyeambiwa linakunywa kiasi gani.

Sasa shemeji. Kazi yake Kilindi wakati wa kiangazi ni maji. Anafunga simtanki la lita 1,000 bodini, anajaza kisimani, anapeleka zizini, anarudi, anajaza tena. Lita elfu moja ni tani moja kamili kabla hujahesabu tangi lenyewe na vijana wawili waliokaa juu. Na maji hayakai kimya kama gunia. Ukifunga breki yanakuja mbele, ukikata kona yanalala upande mmoja, na kila yanapolala ekseli inasikia. Njia yake ni mbuga ya udongo mweusi na visiki. Fundi wa karibu anayeweza kuunganisha kompyuta kwenye gari yuko mbali, lakini anayejua 1HZ yuko kila kijiji. Huyu anahitaji 79, na nilimwambia hivyo kabla hajamaliza kujieleza. Angechukua Hilux angeiua, na angesema Hilux ni mbovu.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huipenda na mimi naiogopa: kuchukua Hilux ya kabini mbili, halafu kumwambia fundi aongeze springi nyuma. Gari linanyanyuka, linapendeza, na mwenyewe anaamini sasa linabeba kama Land Cruiser. Kilichoongezeka ni springi tu. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Tazama kabini mbili kwa ubavuni: abiria wamesogeza bodi nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inakaa nyuma ya ekseli badala ya kuwa juu yake. Ukipakia saruji mpaka mlango wa nyuma, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa gari lililo juu ya jeki, na chesisi inataka kukunjika pale kabini inapoishia na bodi linapoanzia. Nimechukua kabini moja na nusu kwa sababu hiyo. Nyuma ya viti kuna nafasi ya mabegi na ya kijana mmoja asiye na miguu mirefu, na bodi limebaki refu la kutosha mifuko ya saruji kukaa mbele, karibu na kioo, inakotakiwa.

Wenye mpango wa kununua lililotumika, Land Cruiser nyingi zinazofika mikononi mwa watu binafsi zimepitia minada ya mashirika na taasisi. Si vibaya, mashirika mengi hufanya sevisi kwa tarehe. Ila gari la shirika limeendeshwa na madereva wengi ambao hawakulinunua. Ingia chini uvunguni, na simu yenye tochi mkononi. Tazama chesisi nyuma ya kabini, pande zote mbili, kama kuna mshono wa kuchomelea au rangi mpya isiyofanana na nyingine. Pitisha kidole ndani ya rimu ya nyuma utafute unyevu wa mafuta ya difu. Kodi pia uijue mapema kama unaagiza kutoka nje, TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni na kinakupa jibu kabla hujatuma hata senti Japani.

Na soma tairi, kazi ambayo hata mafundi huiruka. Baada ya zile namba za saizi kuna namba nyingine ndogo na herufi, mfano 112S. Hiyo 112 maana yake tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 1,120. Gari linaweza kuwa na ekseli ya lori na springi za lori, lakini mwenyewe akawa amefunga nyuma tairi za namba 104, zinazobeba kilo 900 kila moja, kwa sababu zilikuwa rahisi dukani. Ukikuta hivyo, iwe Hilux iwe Land Cruiser, hesabu bei ya tairi nne mpya, uitoe kwenye bei aliyokutajia, kisha ndiyo mwendelee kuzungumza.